Kiharusi hakisubiri kikao cha ukoo

Maswali yanayojirudia nimeyajibu kwa ufupi. Wenyewe mnajijua.

Daktari shikamoo. Ni kweli aliyepata kiharusi achomwe sindano kwenye ncha za vidole, damu itoke, ndipo apelekwe hospitali? (Temeke)

Marahaba. Si kweli. Futa huo ujumbe, na usimtumie mwingine.

Baba aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu. Tulimsubiri baba mkubwa, tukaita watu wa maombi, kesho yake tukaenda hospitali. Daktari akasema muda umepita. Muda gani? (Morogoro)

Poleni sana. Viharusi vingi hutokana na donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuliyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongoni hakuna damu iliyovuja. Hospitali zenye mashine na dawa hiyo kwetu ni chache, kwa hiyo hata aliyewahi anaweza kuikosa. Aliyechelewa hana hata la kuuliza.

Na hesabu haianzi mlipomkuta. Inaanza mara ya mwisho alipoonekana mzima. Ndilo swali langu la kwanza pale mapokezi, na ndugu sita waliomsindikiza mgonjwa huishia kutazamana.

Sina ugomvi na maombi. Ombeni mkiwa kwenye gari. Ugomvi wangu ni na kikao. Uso wa mtu ukishuka upande mmoja, mwambieni anyanyue mikono yote miwili, kisha aseme sentensi moja. Mkono ukianguka au ulimi ukiwa mzito, ondokeni. Msimpe aspirini nyumbani, maana kama mshipa umepasuka mnazidisha damu. Wala msimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi: presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu kidogo itaikosa kabisa.

Mkono ulikufa ganzi na maneno yakagoma, kama dakika kumi, kisha nikawa sawa. Nisikilizie kwanza? (Arusha)

Nenda hospitali leo. Hiyo ni hodi ya kiharusi, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Presha yangu sasa ni 128 kwa 80, nimeacha vidonge, natumia kitunguu saumu. Sawa? (Tanga)

Imeshuka kwa sababu ya vidonge! Kitunguu saumu kiunge kwenye mchuzi, vidonge virudie. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya Dar ni vingi kuliko nchi nyingi tajiri, na presha isiyotibiwa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nimeshaandika hili mpaka mhariri amechoka.

Mama ametoka hospitali, kila akinywa uji anakohoa. Tuuchuje uwe mwepesi? (Moshi)

Acheni kwanza kumnywesha, mrudisheni akapimwe kumeza. Kiharusi hulegeza koo, uji ukapita njia ya hewa, na nimonia ikamwondoa mtu aliyekuwa ameanza kupona. Wodini naliona kila mara: mgonjwa kalala chali, binti kashika kikombe, "kunywa mama upate nguvu", kijiko juu ya kijiko, huku sauti ya mama ikianza kukoroma majimaji kooni. Sauti hiyo ndiyo onyo, na wengine hawakohoi kabisa.

Aketishwe wima, ajaribiwe na muuguzi kwa kijiko cha maji. Uji mwepesi hukimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga, kwa hiyo mzito mara nyingi ni salama zaidi. Akiwekewa mpira wa puani wa kumlishia, msiukatae mkidhani ni tiketi ya kaburi. Wengi hutolewa kumeza kukirudi. Na kama hajigeuzi mwenyewe, mgeuzeni kila saa mbili, usiku pia.

Bibi ana miaka 82. Tangu juzi anaongea na marehemu na hatutambui. Ni uzee? (Shinyanga)

Uzee hauingii juzi. Tafuteni maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, choo kigumu, au dawa mpya ya usingizi kutoka duka la dawa. Mpelekeni pamoja na vidonge vyake vyote kwenye mfuko. Anayenong'ona kwamba bibi ni mchawi, mleteni kwangu.

Niko mwaka wa nne wa udaktari. Wenzangu wanasema wodi ya wazee haina hadhi. (Mwanza)

Waache waende upasuaji. Huku anayemsimamisha mgonjwa ni muuguzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wewe utaandika faili na kugombana na ndugu. Ukija, mwamkie mzee kabla hujamshika mkono, na uongee naye yeye, si mwanawe aliyesimama pembeni. Wengi waliopoteza maneno hawajapoteza akili, na wanasikia vizuri mnavyogawana shamba lao.