Kuwa RBT Marekani: digrii si lazima

Dada, umeuliza kama ni lazima uwe na digrii ndipo ufanye kazi ya RBT (Registered Behavior Technician, yaani mhudumu wa tabia aliyesajiliwa) na watoto wenye usonji huko Ohio. Hapana. Wanataka uwe na miaka 18 na umemaliza sekondari. Mafunzo ni saa 40, na hayaruhusiwi kubanwa chini ya siku 5. Kisha unapimwa kwa vitendo, ndipo ukafanye mtihani wa maswali 85.

Usikimbilie kulipia kozi, maana kliniki nyingi hukufundisha bure zikishakuajiri. Kazi yenyewe ni ya kukaa sakafuni: mtoto anasukuma kigari, unangoja akupe kadi yenye picha ya maji, ndiyo njia yake ya kuomba, unampa maji papo hapo, unaandika alichofanya. Kuandika ndiko kunachosha, usione mchezo! Na muulize mwajiri nani atakusimamia. Angalau asilimia 5 ya saa zako za kila mwezi lazima zisimamiwe. Akijiumauma, tafuta kwingine.