Wasomaji Wanauliza: Kulala na karavani kabla na baada ya feri ya Dover

Kila yanapokaribia majira ya joto, barua kutoka kwa wasomaji wetu wa Uingereza wanaovuka kwenda Ufaransa na karavani, yaani kibanda cha kulala kinachovutwa na gari, huongezeka. Safari hii tumechagua nne, zote zinahusu usiku ule mmoja wa kulala karibu na bandari, iwe Dover upande wa Uingereza au Calais upande wa Ufaransa.

Tunakaa Coventry. Tumenunua karavani iliyotumika na tumekata tiketi ya Dover kwenda Calais ya saa 2:20 asubuhi. Mume wangu anataka tutoke nyumbani saa nane usiku. Mimi naona tulale Kent, mkoa ulipo mji wa Dover. Je, tutafute kambi ya namna gani, na tunaweza kulala bila kuitenganisha karavani na gari? – Msomaji, Coventry

Dada, katika hili tuko upande wako. Kutoka Coventry hadi Dover ni zaidi ya kilomita 250, na gari linalovuta karavani haliruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, wala kutumia njia ya kulia kabisa pale penye njia tatu au zaidi. Ukiongeza kusimama njiani na foleni ya malori kwenye M20, barabara kuu ya kuelekea huko, dereva atafika bandarini hajalala, na bado ana Ufaransa yote mbele yake.

Mnapotafuta kambi, mandhari yawe jambo la mwisho. La kwanza ni geti. Meli yenu imeandikwa 08:20. Mkitaka kuwa bandarini saa 12:20 asubuhi, yaani saa mbili kabla, ni lazima mtoke kambini kabla ya saa 12 kamili. Kambi nyingi hufunga geti usiku na haziruhusu magari kutembea mpaka saa 1 asubuhi, ili wengine walale. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo haya: geti linafunguliwa saa ngapi, kama kuna sehemu maalumu ya wanaoondoka alfajiri, na wanaochelewa kufika wanapokelewa mpaka saa ngapi. Karibu na Dover kuna Hawthorn Farm huko Martin Mill, na Black Horse Farm huko Densole, juu ya Folkestone. Zote mbili zimezoea watu wa feri, lakini bado uliza, kwa sababu saa za geti hubadilika kwa msimu.

Kulala bila kutenganisha kunawezekana, ila kuna masharti. Kwanza, urefu. Gari la mita 4.5 na karavani ya mita 7.1 ni mita 11.6, na nafasi nyingi za kawaida hazifiki hapo. Kambi nyingi za Uingereza pia zinataka mita 6 kati ya karavani moja na nyingine kwa ajili ya moto, kwa hiyo huwezi kujibanza tu popote. Sema tangu kwenye simu kwamba mtalala mmeunganisha. Pili, usawa. Karavani ikiwa imeshikana na gari, unaweza kuisawazisha kushoto na kulia kwa kabari ya plastiki chini ya gurudumu moja, lakini mbele na nyuma huwezi kuigusa. Omba nafasi yenye sakafu ngumu na tambarare, na uweke pimamaji sakafuni mlangoni kabla hujazima gari. Miguu minne ya pembeni ishushe mpaka iguse ardhi tu; ukiikaza sana itabeba uzito wa gari pia, na hiyo huikunja. Tatu, chomoa plagi ya umeme inayotoka kwenye gari. Kwenye baadhi ya magari waya huo huendelea kunyonya betri usiku kucha, na asubuhi gari haliwaki.

Jioni hiyohiyo maliza kila kitu: mwaga tanki la choo na maji machafu, jaza maji ya kunywa tu, kwani pipa la lita 40 ni kilo 40 za kukokota bure, kisha kagua taa zote pamoja na mwenzako akiwa amesimama nyuma. Alfajiri zibaki kazi za kimya: kuchomoa umeme, kupandisha miguu, kurudisha plagi ya gari, kuondoka.

Jambo moja la tiketi. Urefu unaoandika kwa kampuni ya meli ni wa jumla, kuanzia ncha ya mbele ya chuma cha kuungia mpaka bampa ya nyuma, pamoja na rafu ya baiskeli kama ipo. Watu wengi huandika urefu wa kibanda peke yake, ambao hupungua zaidi ya mita moja, halafu wanadaiwa tofauti bandarini. Pima kwa futikamba. Urefu wa kwenda juu nao upime, kuanzia ardhini.

Nina friji inayotumia nishati za aina tatu: umeme wa kambi, betri na gesi. Mwaka jana tulifika Calais maziwa ya mtoto yameharibika. Tulikosea wapi? Na kwa nini umeme ulikuwa unakatika kila tukiwasha birika kwenye kambi ya Ufaransa? – Msomaji, Leicester

Friji hizi hazina kompresa. Hupoza kwa kuchemsha amonia na kuiacha iteremke yenyewe ndani ya mabomba. Karavani ikiwa imeinama, kimiminika hakiteremki vizuri, na friji huwa na moto nyuma bila baridi ndani. Ndiyo maana tumesisitiza usawa hapo juu. Pia huchukua saa nyingi kupoa, na umeme wa volti 12 kutoka kwenye gari hauipozi. Hutunza tu baridi iliyokwishapatikana. Ndani ya meli injini imezimwa, kwa hiyo hata huo haupo, na gesi ni marufuku kuwashwa.

Basi iwashe kwa umeme wa kambi mara tu mnapofika, alasiri, na weka ndani vitu ambavyo tayari ni baridi kutoka nyumbani. Gandisha chupa mbili za maji za lita 2, kila moja ikiwa imepungua kidogo ili isipasuke, na alfajiri zipange katikati ya chakula. Usiufungue mlango mpaka upande wa pili. Kuvuka ni kama dakika 90, na pamoja na foleni za bandari ni saa nne hivi, chupa zitahimili. Mtungi wa gesi fungeni kwenye valvu ya mtungi wenyewe, maana kufunga jiko peke yake kunaacha gesi kwenye bomba lote.

Kuhusu birika: zidisha ampea kwa volti 230. Kambi nyingi za Uingereza hutoa ampea 16, ambazo ni wati 3,680. Ufaransa utakuta kambi zinazotoa ampea 10, yaani wati 2,300, au hata 6, ambazo ni wati 1,380 tu. Birika la nyumbani la wati 2,000 peke yake linatosha kuangusha swichi ya ampea 6, na swichi yenyewe mara nyingi iko kwenye nguzo ya umeme ya kambi iliyofungwa kwa ufunguo wa mwenye kambi. Nunua birika dogo lisilozidi wati 1,000, na zima hita kabla ya kuliwasha.

Waya uwe wa mita 25, nyuzi tatu za milimita mraba 2.5, na uufungue wote hata kama nguzo iko hatua tatu kutoka mlangoni. Ukiuacha umezungushwa, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka. Anza kuchomeka upande wa karavani, kisha nguzoni. Sukuma plagi ya buluu na uizungushe kufuata mshale wa saa mpaka usikie inakamata. Kuondoka, anza nguzoni: bonyeza kitufe chekundu na plagi itaachia. Kwa mpangilio huo hushiki kamwe plagi yenye umeme. Beba pia adapta ya soketi ya Kifaransa yenye pini mbili, kwa kambi za zamani.

Kuhusu maziwa yenyewe, kuna tatizo jingine. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, huruhusiwi kuingia Ufaransa na nyama wala maziwa, na siagi na jibini vimo humohumo. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana msamaha. Sambusa za nyama zilieni usiku wa kambini. Matunda mengi na mboga huhitaji cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nazi, tende na nanasi hupita bila cheti, na samaki anaruhusiwa. Wali wa nazi kwa samaki, basi, hauna mpaka. Mkirudi ni vilevile: tangu Aprili 2025 Uingereza imezuia wasafiri kuingiza nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe pamoja na bidhaa za maziwa kutoka Umoja wa Ulaya, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo.

Tukirudi tutafika Calais usiku. Je, tulale kwenye maegesho ya barabara kuu tusubiri meli ya asubuhi? – Msomaji, Leeds

Hapana. Laleni kwenye kambi yenye uzio na geti. Guînes, kama kilomita 10 kusini mwa Calais, ina kambi kubwa ya La Bien Assise. Maegesho ya karibu na Calais yana wizi, na yana watu waliokata tamaa wanaotafuta namna ya kuvuka. Tangu Februari 2023 faini ya Uingereza kwa mwenye gari linalokutwa na mtu aliyejificha inaweza kufika pauni 10,000 kwa kila mtu, na karavani nazo zimo.

Usiku fungeni milango, madirisha na vifuniko vyote vya nje. Asubuhi, na tena mkisimama popote kabla ya bandari, fungueni na kutazama: chini ya vitanda, bafuni, kabati la mtungi wa gesi, chini ya sakafu, ndani ya mfuko wa hema, na chini ya turubai la baiskeli. Andikeni saa na mahali mlipokagua, pigeni na picha. Mkimkuta mtu, msimvute wala kumtisha. Sogeeni mbali na mpige simu 112.

Saa ya tiketi ya kurudi ni ya Ufaransa, inayotangulia ya Uingereza kwa saa moja.

Nina pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa Uingereza. Viza yangu ya Schengen inaanza tarehe 10. Meli inaondoka Dover tarehe 9 saa 5:30 usiku na kufika tarehe 10. Je, naweza kupanda? – Msomaji, Reading

Usipande hiyo. Polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakagua pasipoti hapohapo Dover, kabla ya meli, kwa hiyo utasimama mbele yao tarehe 9 ukiwa na viza ambayo haijaanza. Hamisha tiketi iwe ya asubuhi ya tarehe 10, na usiku wa tarehe 9 lala kambini Kent. Ukaazi wa Uingereza hauondoi haja ya viza, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa katika siku ulizoruhusiwa kwenye viza.