Printa imenyamaza na batli haisemi

SWALI: Mheshimiwa mhariri, asalaam aleikum. Nina duka la fotokopi na uchapaji mtaa wa Langoni, mjini Lamu, na kompyuta yangu hutumia Ubuntu. Kwa wiki mbili sasa baadhi ya faili za PDF za wateja hazichapiki: kazi husimama hata kabla karatasi haijavutwa, na kompyuta huarifu tu kwamba kichujio, yaani programu inayoiandaa faili kwa printa, kimeshindwa. Nimefungua batli, yaani faili la kumbukumbu za matukio, /var/log/cups/error_log, nisiambulie la maana. Nifanyeje ili huduma ieleze zaidi?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. CUPS, huduma inayopokea kazi za uchapaji katika Linux, kwa kawaida huandika maonyo na makosa tu katika batli yake, ilhali wewe unahitaji kujua hatua zilizotangulia kosa. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike sudo cupsctl --debug-logging. Amri hiyo hubadilisha mipangilio yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuhariri faili kwa mkono. Katika dirisha la pili weka sudo tail -f /var/log/cups/error_log, inayoonyesha mistari mipya ya batli inapoandikwa, kisha uchape ile PDF iliyokusumbua, hiyo moja tu, kwani ukituma kazi nyingi kwa pamoja mistari itafurika kama maji ya bamvua na hutajua upi ni wa nani.

Kila mstari huanza kwa herufi: E ni kosa, W ni onyo, D ni maelezo ya uchunguzi. Kazi yako utaitambua kwa namba yake, kwa mfano [Job 41]. Tafuta maneno stopped with status, ambayo hutanguliwa na jina la programu iliyoanguka. Mara nyingi sababu yenyewe imo katika mistari michache iliyo juu yake. Programu hiyo ikiwa imeletwa na dereva ya printa (programu inayoiunganisha kompyuta na printa), sakinisha dereva upya kabla ya kugusa kingine chochote.

Ukishapata jibu, rudisha hali ya kawaida kwa sudo cupsctl --no-debug-logging. Wengi husahau, na diski kujaa ndiyo hasara ndogo. Katika kiwango cha uchunguzi batli huandika pia jina la mtumiaji na la hati, na duka kama lako huchapa vyeti vya ndoa na mikataba ya mashamba. Ukitaka kumtumia fundi wa Mombasa faili hilo, lipitie kwanza ufute majina ya watu.