Msiwakataze Watu Kulia: Kwa Makatekista Wapya wa Malindi

Wanangu, nawapenda, lakini jamani mnanichosha. Kila mwaka mnatoka kozini na vyeti vyenu, mnapangiwa vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, na kabla Kwaresima haijaisha kila mmoja wenu ameshamwambia mfiwa, "Kuwa na amani tu, Mungu ana mpango." Juzi nimelisikia tena matangani, huko upande wa Ganda, likitoka kinywani mwa kijana ambaye ni mimi niliyemfundisha kuendesha Ibada ya Neno. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanakula. Sasa wameshakula.

Haya si mafundisho rasmi. Padre akiwaambia vingine, mfuateni Padre. Lakini iko siku mtu atawashika mkono baada ya rozari aseme, "Mwalimu, sina amani," na daftari la kozi halitakuwa na ukurasa wake.

1. Kabla ya kumfungulia Biblia, muulize amekula nini na amelala lini. Eliya alipokimbia na kuketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilimngoja hadi Horebu, siku arobaini mbele. Ninyi mnaanza na swali la Horebu na mtu hajaonja hata uji.

2. Asiyepata usingizi wiki nzima, au anayesema afadhali afe, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye foleni ya daktari pia watu husali.

3. Kufunga. Sisi wa Malindi hatuna ruhusa tena ya kulizungumza jambo hili kiwepesi. Tangu Aprili 2023 msitu wa Shakahola ulifukuliwa, ikatoka miili zaidi ya 400, na watoto wengi humo, ya watu walioaminishwa kwamba njaa itawakutanisha na Yesu. Katika wakatekumeni wenu, hao mnaowaandaa kwa ubatizo, huenda yupo aliyepoteza jamaa huko. Msimchokonoe, akitaka atasema.

Kwa hiyo mtu akiwaambia anafunga ili apate utulivu, muulizeni mambo matatu: unafungua lini, nani anajua kuwa umefunga, na nani alikuambia ufunge? Asiye na jibu la mojawapo, mpikieni uji. Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwenyewe alipokuwa Manresa, mwaka 1522, aliteswa na dhambi alizokwisha kuziungama, akaapa hatakula mpaka Mungu amtulize. Alikaa wiki nzima. Muungamishi wake alipopata habari alimwamuru ale, naye akala. Wasiwasi ulimwacha siku mbili kisha ukarudi, ila hakufa, na Wajesuiti wakapata mwanzilishi.

4. Msiwakataze watu kulia. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mpya kama ninyi. Mvulana wa darasa la tatu, mtoto wa mama mmoja wa kigango changu, alizama Sabaki wakati wa masika, mto ukiwa umefura. Matangani mama alikuwa akilia kile kilio chetu cha kujitupa chini, wanawake wawili wamemshika, nami nikasimama na Biblia. Nikasoma Yohana 14, "Msifadhaike mioyoni mwenu." Nikaongeza kwamba Mkristo halii kama watu wasio na matumaini. Mama akanyamaza palepale. Akaikaza leso yake, akainuka, akaenda kusugua masufuria. Nikajiambia, tazama nguvu ya Neno!

Afadhali ningeishia hapo. Mimi nikamgeuza ushuhuda. Jumapili nilimpandisha boda tukaenda vigango vya jirani, anasimama mbele ya watu anasema: mwanangu yuko kwa Mungu, mimi nina amani. Ulikuwa ushuhuda mfupi na alikuwa ameukariri. Watu walipiga makofi, nami nikapiga kuliko wote, maana sifa zilikuwa zinanirudia. Mwalimu fulani ana waumini wenye imani! Wakati huo mama alikuwa anaisha machoni petu. Leso ile sasa ilimzunguka karibu mara mbili. Kwenye mkoba wake alibeba kiatu kimoja cha shule, cha mguu wa kushoto, amekikunjia kwenye gazeti, kamba zake bado zimefungwa fundo la mtoto. Nilikiona siku aliyokuwa akitafuta nauli. Sikuuliza.

Basi Jumapili moja, kwenye kigango ambacho si chetu, katikati ya ushuhuda akakatika. Akanigeukia, maikrofoni bado iko mdomoni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, sasa naweza kulia?"

Kanisa zima lilisikia. Na mimi, wanangu, nikaanzisha wimbo. Niliipungia kwaya mkono, ngoma ikaingia, kayamba zikafuata, watu wakasimama kucheza. Mama akalia chini ya kelele zile na hakuna aliyemsikia, na hivyo ndivyo nilivyotaka. La matangani lilikuwa kosa la ujinga, nimekwisha kulipatia nafasi yake. La wimbo lilikuwa la woga. Niliogopa aibu yangu kuliko nilivyomhurumia yeye, na hilo nimelipeleka kwenye kitubio zaidi ya mara moja, mpaka nikakatazwa kulirudia.

Padre wa wakati ule hakunigombeza. Alinipa kazi: nisome Yohana toka sura ya 11 hadi ya 14 bila kuruka, nirudi nimwambie Yesu alifadhaika mara ngapi. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Mara tatu. Anafadhaika mbele ya Mariamu na watu waliokuja kuomboleza Lazaro, kisha analia machozi, ilhali anajua dakika chache zijazo atamfufua. Anafadhaika Wagiriki walipokuja kumtafuta: "Sasa roho yangu imefadhaika." Anafadhaika mezani anapofikia kusema mmoja wao atamsaliti. Baada ya hayo yote ndipo anapowaambia wenzake wasifadhaike, usiku uleule aliokamatwa. Mimi nilikuwa nimeikata aya moja nikaenda nayo kwa mfiwa, nikaziacha nyuma zile za Yesu kufadhaika.

Nilimwendea mama kuomba radhi. Alinipa kiti, akanipa chai, akasema, "Yameisha, Mwalimu." Halafu akalia, nami nikanywa chai ile mpaka chini bila kutia neno. Katika yote niliyomfanyia, hiyo ndiyo huduma ninayoweza kuitaja. Siku hizi anasali parokia nyingine. Ana haki.

Kwa hiyo mkifika matangani, salimieni, kaeni, mkiombwa sala mtoe fupi. Zaburi za maombolezo zimo nyingi kwenye Biblia yenu hiyo hiyo. Someni mojawapo badala ya kumpa mtu mahubiri. Na mkiona masufuria machafu, sugueni ninyi.

5. Mtakauka. Najua sasa hivi mmewaka na kila kitu kinawagusa, lakini itafika Januari, kaskazi inavuma, saa nane mchana umeme umekatika, mtafungua kitabu cha Masifu, zile sala za Kanisa za kila siku, na maneno yatakuwa wino tu. Mtajiuliza kama mliitwa kweli. Mtaanza kuona parokia ya Watamu ina waumini wazuri zaidi na Padre anayeelewa. Evagri, mmonaki wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka 399, aliwaeleza watu wa aina hii: anaona jua halisogei, anachungulia dirishani kupima saa ya chakula imebaki kiasi gani, anakichukia chumba chake, anakumbuka kwingine kulikokuwa kuzuri. Wamonaki walisema pepo anayeleta hali hiyo ndiye yule wa Zaburi ya 91, "uele uharibuo adhuhuri." Evagri hajawahi kufika Malindi, ila saa nane yetu aliijua vilivyo. Inyasi naye aliacha kanuni ninayoipenda kuliko zote: wakati wa giza usibadili uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Barua ya kuomba uhamisho, basi, iandikwe baada ya magharibi, na ikilala siku kadhaa mezani haitaoza.

Na mkilalamika kwamba jumuiya imebaki na akina mama wanne na mtoto wa kubeba, nendeni mkakae kidogo kwenye lile kanisa la Wareno lenye paa la makuti, njia ya kwenda mnara wa Vasco da Gama. Fransisko Ksaveri, mwenzake Inyasi, alipita mjini hapa mwaka 1542 akielekea Goa, na alimzika hapa mtu aliyefia merikebuni mwao. Aliandika baruani kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama kwao Wakristo bado wanakwenda kanisani kusali, kwa sababu Malindi kulikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Karibu miaka 500! Yule mzee na ninyi mngeelewana haraka. Mimi adhana ya alfajiri ndiyo huniamsha nikasali Masifu ya Asubuhi, na jirani yangu Mwislamu analijua hilo, hunitania kwamba ananidai fedha ya saa ya kengele.

6. Pesa za jumuiya zisikae kwenye simu ya mtu mmoja.

7. Usimwombee mtu amani ya moyo kabla hujajua amegombana na nani. Wafilipi 4:7, "amani ya Mungu, ipitayo akili zote," mnaijua, imeandikwa mpaka nyuma ya tuktuk. Rudini aya tano nyuma. Paulo, akiwa kifungoni, anawasihi Euodia na Sintike wapatane, anawataja kwa majina, barua isomwe mbele ya kanisa lote. Hebu fikirieni nyuso zao siku ile.

Kwetu walikosana viongozi wawili wa kwaya kwa ajili ya sare za Pasaka. Zilichangwa pesa za kitenge cha buluu, kikaja cha kijani, na risiti ikawa haisomeki. Kila mmoja alinijia kwa wakati wake kuniambia hana amani, anataka novena, sala ya siku tisa. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Mimi kwa akili zangu nikawapa novena wote wawili, wakasali vizuri sana, kila mmoja dhidi ya mwenzake. Nilipogundua nikawaita nyumbani, nikawasomea Mathayo 5 pale inaposema iache sadaka yako mbele ya madhabahu, nikaweka ile risiti mezani. Yalisemwa mengi jioni hiyo, mengine hayakuhusu kitenge hata kidogo, na mke wangu akapeleka watoto kwa jirani.

Hawakukumbatiana. Paulo naye alipowaandikia Warumi wakae kwa amani na watu wote alitanguliza "kama yamkini, kwa upande wenu," na nadhani alikuwa ameshakutana na wanakwaya. Hadi leo hawaketi benchi moja. Lakini binti wa mmoja alipoolewa, aliyesimamia sufuria la pilau tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi, alikuwa mwenzake. Nilimsogelea nikamuuliza kama sasa wamepatana.

"Mwalimu," akasema bila kuacha mwiko, "kwenye pilau tumepatana. Sare bado."