Unataka kuweka kihariri cha baiti kwenye brauza? Soma hii kwanza

Ukifanya kazi na vifaa vinavyotuma data mbichi, iwe trakeri za malori, mashine za risiti au mita, ipo siku mtu wa ofisini atakwambia "weka basi sehemu kwenye dashibodi tuzione hizo baiti zenyewe". Na wewe utajibu ah, si jedwali tu hilo. Mi nimejenga komponenti ya namna hiyo kwa kampuni ya kufuatilia malori na bado naihudumia mpaka leo, kwa hiyo naandika yale yanayouma, mengine utayakuta mwenyewe njiani.

Kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Kama uko peke yako na laptopu yako, Linux kuna xxd na hexdump, Windows kuna HxD ya bure, VS Code nayo ina ekstensheni ya Microsoft ya heksa (namba za msingi wa 16, tarakimu 0 mpaka 9 kisha A mpaka F), na zote zimekomaa kuliko chochote utakachoandika wewe wiki hii. Sababu ya kuiweka kwenye brauza ni watu wengine: mtu wa sapoti ambaye kompyuta ya ofisi haimruhusu kuweka programu yoyote, fundi yupo yadi na simu tu mkononi, bosi anayetaka kuona kwa macho yake. Kama hao huna, achana na hii kitu ukapumzike.

Muonekano hauna ubishi, umezoeleka miaka na miaka, usijaribu kuubuni upya. Kushoto anwani (nafasi ya baiti ndani ya faili), katikati baiti 16 kwa kila mstari zikiandikwa kwa heksa tarakimu mbilimbili kuanzia 00 mpaka FF, kulia herufi zake. Baiti iliyo kati ya 20 na 7E unaonyesha herufi, zilizobaki zote weka nukta. Watu watakuomba upande wa kulia usome UTF-8 "ili ionekane vizuri", kataa, maana herufi moja ya UTF-8 inaweza kula baiti mpaka 4 na kolamu zako zitaacha kulingana. Halafu zile nukta zina kazi. Kuna jamaa wa meseji za bulk analalamika kwamba tangazo lake la chanjo ya ng'ombe linakatwa hela mara mbili. Kalitoa Word, na Word inapenda kupinda ile alama ya juu iliyomo kwenye neno ng'ombe. Alama iliyonyooka ni baiti moja, 27, ila iliyopinda ni E2 80 99, na kwenye kolamu ya kulia zinatokea nukta tatu katikati ya neno, huwezi kuzikosa. Alama hiyo haimo kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM, yaani ya meseji za simu, kwa hiyo meseji nzima inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukiisoma kwa macho tu kwenye skrini ya kawaida hutaona chochote.

Sasa tuje kwenye kinachoua brauza. Faili la MB 10 tu lina mistari 655,360, na kila mstari una vyumba 16 vya heksa na 16 vya herufi, jumla ni elementi zaidi ya milioni 20, hakuna simu wala laptopu itakayokuvumilia. Kwa hiyo unachora mistari inayoonekana tu, kama 40 hivi, mtu akiskroli unabadilisha kilichomo ndani ya mistari ileile. Hilo wengi wanalijua. Wasichojua ni kwamba ile div (kisanduku cha HTML) ndefu tupu unayoiweka ili skrolba iwe na urefu wa kweli nayo ina mwisho. Chrome inagoma kwenye pikseli kama milioni 33 na Firefox karibu nusu ya hapo. Mstari wako ukiwa na kimo cha pikseli 20, Chrome inakuishia kwenye MB 26 hivi, na haikupi erori yoyote, mtumiaji anavuta mpaka chini anadhani faili limeisha kumbe liko mbele huko, GB nzima. Dawa yake ni kuikata skrolba isitegemee urefu halisi: iwe na urefu wa kudumu, chukua asilimia ya pale ilipofika ukazidishe na idadi ya mistari. Gurudumu la mausi na mishale ya kibodi visogeze mstari mmojammoja moja kwa moja bila kupitia ile asilimia, la sivyo mtu akigusa kidogo anaruka maelfu ya mistari.

Kuhusu canvas, yaani kuchora kila kitu kama picha badala ya kutumia elementi, najua utashawishika. Ina spidi kweli, ila kukopi, kuchagua kwa kidole, msaada kwa wasioona vizuri, vyote utavitengeneza upya kwa mkono, na kwa mistari 40 hakuna spidi unayoihitaji.

Faili lenyewe usilisome lote kwenye memori. file.slice() haisomi kitu mpaka uitishe arrayBuffer(), kwa hiyo soma vipande vya KB 64, weka vichache karibu, vya zamani tupa. Na kwenye hesabu za anwani usitumie zile njia za mkato za kukata desimali kama | 0 au >> 4, hizo JavaScript inazifanya kwa biti 32 zenye alama (chanya au hasi), ukivuka GB 2 anwani inageuka hasi na utatafuta tatizo usiku kucha. Math.floor inatosha.

Sehemu ambayo mi naipenda, na ambayo watu wa ofisini ndio wanaitumia kuliko zote, ni kile kipaneli cha pembeni: ukigusa baiti kinakwambia hizi nne kuanzia hapa zikisomwa kama namba ni ngapi. Hapa usilipue kabisa. Trakeri za Teltonika, kwa mfano, zinatuma latitudo kama namba nzima ya baiti 4 iliyozidishwa mara milioni 10. Chukua lori lililopo Dar kwenye latitudo -6.8, baiti zake ni FB F2 67 00. Ukisoma kwa getInt32 ya DataView (kisomaji cha baiti cha JavaScript), inayojua namba hasi, unapata -68,000,000, gawanya, upo Dar. Ukisoma kwa getUint32, isiyojua hasi, unapata digrii 422.69, kitu ambacho duniani hakipo. Ukizisoma kuanzia nyuma unapata 0.68, na hii ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu inaonekana kama namba ya kweli, lori limevuka ikweta na hakuna anayeshtuka mpaka mteja apige simu. Wanaojifunza kwa mifano ya Ulaya hili la alama hasi haliwagusi sana maana latitudo zao zote ni chanya, ila sisi wa kusini mwa ikweta linatukuta siku ya kwanza.

Kwa hiyo kipaneli kionyeshe zote kwa pamoja, yenye alama na isiyo na alama, mbele-nyuma na nyuma-mbele, kisimchagulie mtu. DataView usipoiambia kitu inaanza na baiti kubwa (yenye uzito mkubwa kwenye namba), ndivyo mitandao mingi inavyotuma, wakati Int32Array, njia nyingine ya JavaScript ya kusoma namba hizo, inafuata mashine, na simu na laptopu karibu zote zinaanza na ndogo. Tena Int32Array inataka anwani inayogawanyika kwa 4, ukiipa 13 inakurushia erori, kwa hiyo kwenye kazi hii isahau tu.

Kuandika sasa. Kwenye laptopu ni rahisi, mtu anabonyeza tarakimu ya kwanza inabadilika nusu ya baiti, ya pili nusu iliyobaki, kielekezi kinasonga. Kwenye Android mambo ni mengine kabisa, keydown mara nyingi inakuletea "Unidentified" na namba 229 kwa kila herufi, huwezi kujua kabonyeza nini. Wengine wanaficha input na kusikiliza beforeinput, inafanya kazi, ila kibodi ya simu inafunika nusu ya skrini na inajaribu kukukamilishia maneno. Ushauri wangu weka inputmode="none" kibodi isitokee, kisha chora vitufe vyako 16, 0 mpaka F, chini ya skrini. Mafundi wa yadi wanavipenda, vidole vyenye grisi vinahitaji kitufe kikubwa.

Na kupesti: watu watakupa baiti walizokopi WhatsApp, zina nafasi, zina 0x, zina koma, zina mistari imekatika. Safisha vyote hivyo kimyakimya, ila tarakimu zikibaki idadi isiyo shufwa kataa, usibahatishe kuongeza sifuri mwenyewe.

Mabadiliko usiyaandike juu ya data ya asili. Weka Map: anwani na baiti mpya, basi. Wakati wa kuchora angalia Map kwanza, ikiwa haipo soma faili. Faida zake ni nyingi, kutengua ni orodha ya anwani, ya zamani na mpya, na baiti zilizobadilika unazipaka rangi bila kufikiria. Kuingiza baiti katikati mi nimekataa kuweka na nimegombana na watu kwa hilo. Kwenye fomati nyingi za binari kuna sehemu zinazotaja urefu na anwani za sehemu nyingine, ukisukuma baiti moja tu katikati kila kitu cha mbele kinakuwa uongo. Badilisha juu kwa juu tu. Kusevu ni rahisi pia, unaunganisha Blob (kifurushi cha data cha brauza) mpya kutoka vipande vya slice na baiti zako mpya katikati yake, haipakii faili zima, halafu createObjectURL mtu apakue kwa jina jipya. showSaveFilePicker, ile ya mtu kuchagua pa kusevu, ipo Chrome na Edge, Firefox hakuna, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Kimebaki kitu kimoja ambacho kila mtu ataniandikia: CRC, yaani hesabu ya kuhakiki kwamba data haijaharibika. Pakiti za trakeri zina CRC-16 mwishoni, ukibadilisha baiti moja ya latitudo hesabu haikubali na seva inaitupa pakiti. Watakuomba programu iirekebishe yenyewe. Mi nimeweka taa tu, kijani ikikubali, nyekundu ikikataa, na kando yake thamani inayotakiwa, anayeitaka aiandike mwenyewe. Wengi wanaoediti pakiti pale kwetu wanafanya makusudi, wanataka waone seva itafanya nini ikiletewa pakiti mbovu, sasa ukiwarekebishia chinichini jaribio lote limeharibika na hawatajua.