Barua kwa mwanangu: tajiri wa Mafinga aitweje?

Iringa

Mwanangu,

Umeniuliza yule mwenye mashine za mbao wa Mafinga, katika mchezo wako wa redio, aitwe bwanyenye, mkwasi au pedeshee. Anza na anayemtaja: ni nani, na anasema mwaka gani?

Madereva na vibarua wake watamwita tajiri. Hapo hawamsifu. Kwenye malori, daladala na mbao, tajiri ni mwenye chombo tu, hata kama ni gari moja bovu na deni la benki juu yake. "Tajiri anataka hesabu yake" utaisikia kila jioni. Wakiwa mbele yake watasema bosi, au mzee. Mkwasi, neno la vitabuni kwa mtu mwenye mali nyingi, mwachie msimulizi. Kibarua wa msitu wa Sao Hill akilitamka, msikilizaji ataguna.

Bwanyenye, bepari na kabaila umeyachanganya. Bepari ana mtaji na huajiri. Kabaila huishi kwa kodi ya ardhi au nyumba. Bwanyenye ni mtu wa tabaka la wenye mitaji, pamoja na maringo yake. Haya ni maneno yaliyonolewa na siasa ya Ujamaa: Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili, au nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo katibu wa tawi la chama wa mwaka 1970 akimwita mtu kabaila, amemshtaki. Kijana wa leo wa Gangilonga, hapa Iringa mjini, hasemi hivyo. Yeye mwenye nazo atamwita mshua, mwanawe mtoto wa kishua, na binti asiyeruhusiwa kutoka ni wa geti kali. Akitaka kuchokoza: "Siku hizi uko matawi ya juu, hata salamu hupokei!"

Wabenzi ni wakubwa wa baada ya uhuru, waliojulikana kwa Mercedes-Benz zao. Liweke kwa mzee anayekumbuka enzi hizo.

Kigogo ni wa madaraka kuliko fedha. Magazeti hulipenda yanapoogopa kutaja jina. Kwa mtu wako litafaa akigombea ubunge, si kabla.

Pedeshee ndilo lililokuponyoka kabisa. Limetoka kwenye herufi za Kifaransa P.D.G., yaani mkurugenzi mkuu, likatufikia kwa muziki wa Kikongo. Pedeshee humwaga noti ukumbini ili mwimbaji amtaje jina katikati ya wimbo. Mtu wako umesema ni bahili, analala saa mbili usiku. Huyo hawezi kuwa pedeshee hata akinunua Mafinga nzima.

Mavazi nayo ni jambo jingine. Mtanashati anaweza kuwa hana hata nauli. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, basi. Mlimbwende husemwa zaidi kwa wasichana, hasa wa mashindano ya urembo. Brazameni na sistaduu, yaani kijana na binti wa kwenda na mitindo, waweke miaka ya themanini na tisini; sharobaro, kijana anayejipamba, baada ya 2010. Ukimtamkisha mtu wa mwaka 1985 neno sharobaro, umeharibu kipindi.

Na upatanisho: ni "kigogo huyu amefika", "vigogo hawa wamefika", si "kigogo hiki kimefika". Kibopa, yaani tajiri mkubwa, hivyo hivyo. Pedeshee wakiwa wengi ni mapedeshee.

Rekebisha kwanza onyesho la tatu, pale mpishi anapomwita mwajiri wake bwanyenye usoni. Angefukuzwa kazi kabla ya chai. Mwandikie "bosi", na akishafunga mlango wa jiko aseme anachotaka.

Mama yako