Jibu: Nimelipia leseni ya kaunti, bwana afya amekataa kutia saini

Salaam dada. Nimekuelewa: nyumba ya mkahawa umekodi mtaa wa Langoni hapa Lamu, leseni ya biashara umelipia, lakini bwana afya amekagua jiko akaondoka bila kukupa cheti. Mimi yalinifika hayo hayo nilipofungua mkahawa wangu hapa Lamu.

Anza na maji. Jiko langu lilikuwa na sinki moja ya vyombo na mikono. Nikaongeza sinki ya kunawia pekee, na sabuni pembeni. Halafu tazama madirisha: tia wavu wa nzi. Pipa la taka liwe na mfuniko. Maji machafu yasimwagike kwenye mtaro wa kichochoroni. Hilo ndilo lililonichelewesha zaidi, na majirani wana haki ya kulalamika.

Wapishi na wahudumu wote wapimwe afya, hata mpwa wako anayekuja jioni tu. Cheti chao ni cha miezi 6, basi andika tarehe ukutani. Kizimamoto nacho kiwe karibu na jiko, hasa kama una makuti juu.

Lakini tafadhali, usivunje ukuta kabla ya kwenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa, wanaolinda nyumba za kale. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya nyumba yanataka idhini yao. Mimi nilitoboa dirisha la moshi kwanza, nikaamriwa kuliziba.

Ukirekebisha, mwite bwana afya mwenyewe arudi, na umwombe akuandikie kasoro zilizobaki kwenye karatasi.